Ngome ya Mji wa Bandari

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati ilipotutaka tuseme maneno machache baada ya kusomwa hesabu ya mwaka, tulijiuliza ni habari gani itakayowafaa watu waliokwisha kusikia mengi juu ya ada, mazishi na karo za watoto. Tukaona tuwasimulie habari ya mji mmoja wa kale, uliokuwa kisiwa na bandari kama ulivyo mji wetu huu wa Mombasa, na uliopiganiwa mara nyingi mno. Mji huo ni Tiro, ulio katika nchi ya Lebanoni, kwenye pwani ya Bahari ya Mediterania. Wenzetu wasomao Biblia wamelikuta jina hilo mara nyingi. Wenzetu wasomao Kiarabu huuita Sur, nalo ndilo jina lake hata leo.

Hatukuichagua habari hii kwa kujifurahisha tu. Katika mikutano yetu ya mwaka huu limezuka neno, nalo mnalijua. Baadhi yetu wamesema kwamba chama kifunge mlango: asiyekaa hapa miaka mingi asiandikwe, na jirani asiye mwanachama akipatwa na msiba asisaidiwe hata kwa senti moja. Wasemao hivyo si watu wabaya. Waogopa mfuko usije ukakauka, na hofu hiyo si ya kuchekwa, kwa maana mfuko wetu si mkubwa. Sisi hatukuja kumhukumu mtu. Tutasimulia yaliyoupata mji wa Tiro, kisha kila mmoja apime mwenyewe.

Kwanza yafaa tujue kwa nini mji huo ulitamaniwa. Tiro ya kale ilikuwa juu ya kisiwa kidogo cha mawe, kiasi cha robo tatu ya kilometa kutoka nchi kavu. Ilikuwa na bandari mbili: moja upande wa kaskazini, iliyoelekea Sidoni, na moja upande wa kusini, iliyoelekea Misri, hata pepo zikivuma upande huu au ule, merikebu zilipata mahali pa kutia nanga. Watu wake walikuwa mabaharia na wafanya biashara. Kutokana na konokono wa baharini walifanya rangi ya zambarau, ambayo wafalme waliinunua kwa bei kubwa mno. Mfalme wao Hiramu ndiye aliyempelekea Mfalme Suleimani miti ya mierezi ya kujengea hekalu la Yerusalemu. Wana wa Tiro ndio waliokwenda kuujenga mji wa Carthage katika Afrika ya Kaskazini, na mapokeo yasema ilikuwa mwaka 814 K.K., yaani kabla ya Kristo. Mzee atakumbuka kwamba miaka hiyo huhesabiwa kwa kurudi nyuma, hata mwaka 814 ukawa mbele ya mwaka 332.

Basi mji wenye mali, wenye bandari mbili, na uliozungukwa na maji, hapana mfalme aliyeweza kuupita bila kuutazama mara mbili. Aliyeishika Tiro aliishika njia ya merikebu zote za pwani ile; na aliyeiacha nyuma yake alijua ya kuwa adui ataweza kutokea baharini na kumpiga mgongoni.

Wa kwanza tutakayemtaja ni mfalme wa Ashuru, katika karne ya 8 K.K. Habari zake tunazipata kwa Josephus, mwandishi Myahudi wa karne ya 1, aliyezichukua katika vitabu vya zamani kuliko yeye. Asema kwamba Sidoni na miji mingine ya jirani ilijitenga na Tiro ikamfuata Mwashuru, na majirani hao ndio waliompa merikebu 60. Tiro ikatoka na merikebu 12 tu, ikazitawanya zile 60 na kuchukua mateka 500. Ndipo mfalme akaweka walinzi kwenye mto na mifereji ya maji huko nchi kavu, ili watu wa kisiwani wafe kwa kiu. Wakachimba visima, wakanywa maji ya visima hivyo miaka mitano, wasifungue mlango.

Wa pili ni Nebukadneza, mfalme wa Babeli, katika karne ya 6 K.K. Huyo aliuzingira mji, asema Josephus, kwa muda wa miaka 13. Kitabu cha nabii Ezekieli chataja jinsi jeshi lake lilivyotaabika hata vichwa vikatoka upara na mabega yakachunika, na baada ya hayo lisipate ujira wowote katika Tiro. Mwisho wake mji ulikubali ukubwa wa Babeli kwa mapatano, lakini haukuvunjwa wala kutekwa nyara. Mfalme yule alikuwa na majeshi ya nchi kavu yasiyo idadi. Walakini chakula kiliendelea kuingia mjini kwa njia ya bahari. Mtu akifunga mlango wa mbele na wa nyuma u wazi, hajaufunga mji.

Sasa twafika kwenye vita vilivyo mashuhuri kuliko vyote, vya mwaka 332 K.K. Alexander wa Makedonia alikuwa amemshinda mfalme wa Uajemi katika vita vya Issus mwaka 333 K.K., naye akashuka pwani kwenda Misri. Miji ya Byblos na Sidoni ilimfungulia. Watu wa Tiro walimpelekea wajumbe kwa heshima. Lakini alipotaka kuingia kisiwani atoe sadaka katika hekalu la mungu wao Melqart, walikataa. Walisema hawataingiza Mwajemi wala Mmakedonia ndani ya kuta zao. Mwandishi Mrumi Curtius aongeza kwamba wajumbe aliowatuma Alexander kutaka amani waliuawa na kutupwa baharini. Ikiwa ndivyo, basi mji ulijifungia mlango wa maneno kabla ya kujifungia mlango wa boma. Na mlango wa maneno ukifungwa, hapana aujuaye ufunguo wake.

Alexander hakuwa na merikebu za kutosha. Ndipo akaamuru kitu ambacho watu wa Tiro walikicheka: kujenga tuta la mawe kutoka nchi kavu hata kisiwani. Majengo ya mji wa zamani uliokuwa nchi kavu yalibomolewa, mawe yakatiwa baharini. Miti ikakatwa katika milima ya Lebanoni. Karibu na pwani maji yalikuwa machache na matope mengi, kazi ikaenda. Lakini karibu na kisiwa kina kilifika pima tatu hivi, na ukuta uliokuwa mbele yao, asema mwandishi Arrian, ulipanda futi 150. Mishale na mawe yakawanyeshea wajenzi kutoka juu ya boma, na merikebu za Tiro zikawapiga kutoka ubavuni.

Wamakedonia wakasimamisha minara miwili ya mbao mwishoni mwa tuta, wakaifunika kwa ngozi ili isishike moto. Hapo mabaharia wa Tiro walionyesha ustadi wao. Walichukua chombo kikubwa cha kupakia farasi, wakakijaza vibanzi vya mbao, lami na kiberiti. Katika foromali wakatundika masufuria yenye vitu vya kuchochea moto. Wakatia farumi nyingi tezini ili omo iinuke juu ya maji, wakangoja upepo uvumao kuelekea tuta, wakakikokota mpaka kikaparamia mawe. Kisha wakakiwasha, na waliokuwamo wakajitosa baharini wakaogelea kurudi. Minara yote miwili ikateketea, na kazi ya miezi ikaharibika siku moja.

Hapa ndipo tunapowaomba mtege masikio. Alexander aliona kwamba hataweza kuupata mji huu asipokuwa na bahari. Akaenda Sidoni kutafuta merikebu. Naye hakuzipata kutoka kwao Makedonia ila moja tu. Wafalme wa Arwad na Byblos waliacha upande wa Uajemi wakamjia, pamoja na merikebu za Sidoni; hizo zote zilikuwa kama 80, nazo ni za ndugu za Tiro, watu wa lugha moja na damu moja. Kisiwa cha Kipro kikaleta kama 120. Nyingine chache zikatoka Rhodes na pwani za jirani. Siku ile mabaharia wa Tiro walipotazama baharini na kuona merikebu zaidi ya 200, na kutambua ni za nani, hawakutoka kupigana. Waliziba milango ya bandari zao kwa vyombo vyao wenyewe, wakangoja.

Wazee wetu walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Walakini ni haki tuulize pia: kwa nini majirani waliondoka? Sidoni ilikuwa imeasi Uajemi miaka michache kabla, ikaangamizwa vibaya. Haikuwa na sababu ya kumpenda Mwajemi. Na Tiro ilikuwa imezoea kuwa mkubwa miongoni mwa miji ile. Kila mmoja aliitazama faida yake peke yake, na Alexander akawakusanya mmoja mmoja.

Mji haukukata tamaa upesi. Wapiga mbizi wa Tiro walikwenda chini ya maji wakazikata amari za merikebu zilizotia nanga karibu na ukuta, mpaka Wamakedonia wakabadili amari wakatia minyororo ya chuma. Walipasha mchanga moto mpaka ukawa kama makaa, wakaumwaga juu ya washambuliaji, ukawaingia ndani ya mavazi ya chuma. Adhuhuri moja walitanda matanga mbele ya bandari ya kaskazini ili wasionekane, wakapakia watu hodari katika merikebu 13, wakatoka kimya bila kelele za wapiga makasia, wakazipiga merikebu za Kipro wakati mabaharia wake wamekwenda kula. Lakini Alexander alipata habari, akazunguka na merikebu nyingine, akawakatia njia ya kurudi.

Tena walikuwa na tumaini lililokuwa mbali. Carthage, mji uliozaliwa na Tiro, ulikuwa na nguvu kubwa baharini. Wazee, wanawake na watoto baadhi yao walipelekwa huko, na kwa hilo Carthage yastahili shukrani. Lakini merikebu za vita zilizotazamiwa hazikuja. Carthage, asema Curtius, ilikuwa na shida zake yenyewe. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Katika mwezi wa Julai, baada ya miezi saba, ukuta wa upande wa kusini ulibomolewa kwa mitambo iliyopakiwa katika merikebu, na bandari zote mbili zikaingiliwa. Arrian ataja watu wa Tiro 8,000 waliouawa, na kama 30,000 waliouzwa utumwani. Waandishi wengine wasimulia kwamba vijana 2,000 walitundikwa misalabani kando ya pwani. Ukatili huo hauna wa kuusifu, hata vitabu vimwite aliyeufanya Mkuu.

Lakini lipo jambo moja ndani ya msiba huo, ambalo ndilo lililotufanya tuichague habari hii. Curtius asema kwamba watu wa Sidoni, walioingia mjini pamoja na jeshi la Alexander wakiwa adui, walipoona mauaji walikumbuka kwamba watu hawa ni jamaa zao. Wakawaficha katika merikebu zao, wakawapeleka Sidoni kwa siri. Na hesabu yao anaiandika kuwa watu 15,000. Ukuta wa futi 150 haukuweza kuwaokoa. Waliwaokoa jirani, tena jirani ambaye asubuhi ya siku ile alikuwa amesimama upande wa pili.

Tiro ilijengwa upya upesi, maana mahali pa bandari hapahami. Miaka 17 hivi baada ya hayo Antigonus, mmoja wa majemadari waliogombea urithi wa Alexander, aliizingira tena. Safari hii tuta lilikuwapo tayari, hata hivyo hakuweza kuushinda mji mpaka alipojijengea merikebu katika Tripoli, Byblos na Sidoni na kuzuia chakula kisiingie. Baada ya mwaka mmoja na miezi mitatu mji ulijitoa kwa mapatano. Funzo likawa lile lile: aliyeishika bahari ndiye aliyeushika mji.

Turuke sasa miaka mingi, tuje kwenye zama za kati. Tangu karne ya 7 Tiro ilikuwa katika nchi za Kiislamu. Mwishoni mwa karne ya 11 majeshi kutoka Ulaya, yaliyojiita ya msalaba, yalikuja Sham na kuiteka Yerusalemu mwaka 1099. Hatukuja hapa kupima dini hii na ile. Waliotenda mema na waliotenda maovu walikuwapo pande zote. Tunatazama bandari tu. Bandari za pwani zilianguka moja baada ya moja: Akka mwaka 1104, Tripoli mwaka 1109, Beirut na Sidoni mwaka 1110. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na Tiro ilikuwa imetia maji kwelikweli.

Mwishoni mwa mwaka 1111 Mfalme Baldwin wa Kwanza akaizingira kwa minara mirefu ya mbao na magogo ya kubomolea ukuta. Mwandishi wa Dameski, Ibn al-Qalanisi, atusimulia kwamba mjini mle alikuwamo baharia aliyetoka Tripoli, mji uliokwisha kutekwa. Mtu huyu, mgeni aliyepoteza kwao, ndiye aliyetengeneza kulabu za chuma za kulinasa gogo lile na kulivuta kwa kamba kutoka juu ya ukuta. Tena akabuni mtambo wa kumwaga moto juu ya minara mpaka ikaungua. Na nje, Tughtakin, mtawala wa Dameski, akawasumbua washambuliaji wasipate raha. Mwezi wa Aprili 1112 Baldwin akaondoka. Mwandishi yule asema Tughtakin hakudai mji uwe malipo yake. Tafadhalini mmkumbuke yule baharia wa Tripoli. Lau watu wa Tiro wangalisema, “Huyu si wa hapa, asile mkate wetu,” ni nani angaliwatengenezea kulabu?

Miaka 12 baadaye mambo yaligeuka. Merikebu za Misri, zilizokuwa tegemeo la Tiro, zilishindwa na watu wa Venice karibu na Ascalon mwaka 1123. Wavenice wakapatana na Wafaranji kwamba Tiro ikitekwa, sehemu moja katika tatu itakuwa yao. Februari 1124 mji ukafungwa pande zote, jeshi nchi kavu na Venice baharini. Misri haikuleta msaada. Tughtakin alisogea, lakini hakuwa na nguvu za kulivunja jeshi lile. Alichoweza ni kuwapatanisha, ili wakazi watoke na mali zao, au wakae kwa amani. Mwezi wa Julai milango ilifunguliwa. William, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Tiro na kuandika historia ya nchi ile, asema kwamba katika mji mzima vilionekana vipimo vitano tu vya ngano. Aongeza kwamba watu wa mjini walitoka kutazama kambi ya adui zao, na adui wakaingia kustaajabia kuta na ujasiri wa watu waliovumilia njaa namna ile.

Kwa kuwa hapakumwagwa damu siku ile, maisha yaliendelea. Msafiri Ibn Jubayr alipita Tiro mwaka 1184, miaka 60 baadaye, akaona mnyororo mkubwa uliotandwa kati ya minara miwili kuifunga bandari. Lakini aliona na jambo jingine: arusi ya Wafaranji ikipita njiani kwa ngoma na zumari, na watu wa mji, Waislamu na Wakristo, wamesimama safu mbili kuitazama.

Miaka mitatu baada ya arusi hiyo vita vilirudi. Julai 1187 Salahuddin aliwashinda Wafaranji huko Hattin, na miji yao ikaanguka, na Yerusalemu yenyewe ikafunguliwa mwezi wa Oktoba. Kila mji ulipojitoa, Salahuddin aliwaruhusu wengi wa watu wake waende salama. Nao wakakimbilia Tiro. Akaja pia kwa bahari Conrad wa Montferrat, akashika uongozi. Salahuddin alipofika mwezi wa Novemba, alikuta mji uliojaa watu wasio na mahali pengine pa kwenda. Merikebu zake kumi zilizuia bandari, lakini usiku mmoja mwishoni mwa Desemba tano zilinaswa na watu wa Tiro, kwa kuwa walinzi hawakuwa macho. Mvua na baridi zikazidi, na siku ya kwanza ya Januari 1188 akaondoka.

Mwandishi Ibn al-Athir alimlaumu Salahuddin kwa huruma ile, akisema ndiyo iliyomkosesha Tiro. Hatuwezi kuuficha ukweli huo: huruma ina gharama, nasi tuliosoma hesabu ya chama leo twaijua. Walakini tazameni kwa upande wa mji. Tiro haikufunga mlango mbele ya waliokimbilia kwake, na hao waliokuja mikono mitupu ndio waliokuwa ukuta wake. Na Salahuddin, aliyekosa mji mmoja kwa ajili ya huruma, jina lake lingali lasifiwa hata na wajukuu wa adui zake.

Mwisho wake hauna vita. Tarehe 18 Mei 1291 Sultani al-Ashraf Khalil wa Misri aliiteka Akka, bandari kubwa ya Wafaranji. Habari zilipofika Tiro, wakubwa walipanda merikebu wakaondoka. Mji uliomzuia Nebukadneza miaka 13, uliomtaabisha Alexander miezi saba, ukachukuliwa pasipo kutupwa jiwe moja. Kuta zilikuwapo, lakini majirani wote walikuwa wamekwisha. Masultani wakazibomoa, ili mtu mwingine asije akaziingia.

Msafiri Ibn Battuta alipita hapo mwaka 1326, akaukuta mji umekuwa magofu. Miaka michache baadaye, mwaka 1331, msafiri huyo huyo alifika katika pwani yetu, akalala Mombasa usiku mmoja kabla ya kwenda Kilwa. Naye hakuweza kujua kwamba kisiwa hiki nacho kitapita njia kama ile. Mwaka 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliuteka mji wa Mombasa na kuuchoma. Mwaka 1528 Nuno da Cunha akaja tena, na safari hii watu wa Malindi, jirani zetu, walikuwa pamoja naye. Je, Malindi ilifaidika? Mwaka 1593 Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu, hapa Mombasa, biashara ikahamia huku, na Malindi ikafifia. Tunasema hivi bila kumlaumu mtu yeyote wa leo. Mombasa nayo ilikuwa imemdhulumu jirani yake kabla ya hapo, na uadui huzaa uadui.

Tumekwisha kusema mengi, na jua linateremka. Limebaki neno moja la tuta la Alexander. Tuta lile halikuondolewa. Mawimbi yalileta mchanga ukalundikana huku na huku, mwaka kwa mwaka, hata kisiwa kikashikana na nchi kavu; na leo Tiro si kisiwa tena. Watu hujenga nyumba na kupita na vikapu vyao juu ya njia iliyofanywa kwa ajili ya kuwaangamiza babu zao. Mwaka 1984 magofu yake yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo vita havijausahau mji huo: mwaka 2024 ulipigwa mabomu kutoka angani, na wengi wa wakazi wake wakauhama, wakapokewa na watu wa mahali pengine. Sisi tukaao Mombasa, tuvukao Makupa kila siku tusikumbuke kwamba tu watu wa kisiwa, twaweza kuelewa.

Bwana Mwenyekiti, hatuwaambii wanachama jinsi ya kupiga kura. Ni haki mfuko uwe na kanuni, ni haki ada zilipwe kwa wakati, na asiyelipa kwa uvivu asifanane na alipaye kwa jasho. Lakini tunaomba kwamba kanuni itakayoandikwa isiwe ukuta usio na mlango. Katika karne zote tulizozitaja, Tiro haikuanguka kwa sababu ya kulisha wageni wengi. Ilianguka siku ambazo merikebu za jirani zilikuwa upande wa pili, au siku ambayo hapakuwa na jirani aliyebaki. Na watu wake 15,000 waliokoka kwa kuwa mtu fulani wa Sidoni, tusiyemjua jina, alimwona mtoto wa Tiro gatini akasema, “Huyu ni wetu,” akamfunika kwa tanga.

Nasi katika mji huu, siku ya msiba, nani atakayemjua mtoto wetu kwamba ni wake? Hilo ndilo tuliloliona la kuwauliza. Majibu ni ya mkutano.